Mbio Zimefutwa kwa Kuwa Washindi Wameshajulikana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio, Mheshimiwa Makamu wake ambaye pia ni shemeji yangu, Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Maji ya Kunywa, mama watoto wangu uliyekaa hapo mbele chini ya mwavuli, waandishi wa habari mliofika pamoja na yule ambaye bado anatafuta pa kuegesha pikipiki, ndugu wakimbiaji mliosimama juani kwenye mstari tangu alfajiri, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Najua mmekuja kukimbia. Najua leo ulikuwa ufanyike mchujo wa kumpata mwanamume mmoja na mwanamke mmoja watakaotuwakilisha ng'ambo kwenye marathoni. Nimekuja na habari njema: hamtakimbia. (Minong'ono.) Ofisi yangu, ikiongozwa na dira, stratejia na unyenyekevu wangu unaofahamika, inazindua leo Sistimu Jumuishi ya Kidijitali ya Kukadiria Kasi, ambayo inachukua data za mazoezi yako, inazichakata, inazichakata tena ili zichakatike, na hatimaye inakuambia mbio ambazo hujazikimbia utazimaliza kwa muda gani. Sasa kama muda unajulikana, jasho la nini? (Kicheko cha meza kuu.)

Kwa kuwa wapo wagumu wa kuelewa, nitaeleza kitaalamu. Wenzetu walioendelea huvaa saa mkononi, saa inapima mwendo na mapigo ya moyo, kisha programu ya simu inapiga hesabu: ukikimbia kilomita tano kwa muda huu, basi arobaini na mbili utazikimbia kwa muda ule. Inaongeza uchovu kidogo, imemaliza. Nasikia kocha mmoja anapitapita akisema eti programu haijui kilima, haijui jua kali, haijui kama mtu hakulala kwa sababu mtoto anaumwa, na kwamba ukiipa mbio fupi tu itakudanganya kwenye mbio ndefu. Huo ni wivu! Ushahidi ni mimi mwenyewe. Juzi mvua ilinikuta kati ya gari na mlango wa ofisi, nikachomoka, nikafika tai ikiwa kavu. Kasi ile tukaizidisha mpaka kilomita arobaini na mbili, na kwa masikitiko makubwa, maana mimi si mtu wa kujipendelea, ikaonekana hakuna binadamu wa kunifikia. (Meza kuu inasimama kupiga makofi. Sauti kutoka nyuma: "Na kitambi hicho?") Upande wa wanawake, mama watoto wangu alifukuzwa na nyuki bustanini kwetu, na walioshuhudia walishuhudia. Kwa usahihi wa asilimia mia moja na nne, timu imepatikana!

(Mwanamke mmoja, fundi cherehani, anatoka kwenye mstari: "Samahani, mheshimiwa. Miaka miwili hii naamka giza, nakimbia kabla watoto hawajaamka. Leo nimefunga duka nije hapa. Mimi mmenikadiria wa ngapi?")

Swali zuri sana, dada. Wa saba.

("Hizo data zangu mmezitoa wapi? Mimi sina saa, na kisimu changu ni hiki cha tochi.")

Huo ndio ukubwa wa teknolojia, dada yangu. Imekukadiria hivyo hivyo. Ungekuwa na simu ya maana ungekuwa wa sita.

("Nimeumia, mheshimiwa. Nasema wazi, mmeniumiza. Si tukimbie tu, watu waone?")

Hapana! Mkikimbia mtaharibu takwimu. Ripoti imeshachapishwa kwa rangi, na picha yangu iko kwenye jalada. (Fundi anarudi kwenye mstari, anakaza kamba za viatu. Kocha anapuliza filimbi. Wakimbiaji wote wanaondoka, umati unawafuata barabarani kwa vifijo.) Jamani! Hayo ni matumizi ya kasi isiyoidhinishwa! Shemeji, kaa chini, na wewe unakwenda wapi?

Haya, tuliobaki tuendelee. Kasi ya kidijitali! (Dereva wa mheshimiwa: "Juu!") Jasho la kizamani! (Dereva: "Chini!") Mama, itikia basi. (Mama amesimama juu ya kiti ili aone mbio vizuri.)

Kwa kumalizia, naishukuru kamati iliyokaa ofisini kwangu jana ikayatoa makadirio haya yote kwa kuangalia picha zenu za pasipoti, bila kuchoka. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mtaalamu atakayeitengeneza programu hii, popote alipo, ambaye tutaanza kumtafuta mara tu mimi na mama tutakaporejea kutoka kwenye mashindano. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Meza kuu ni viti vitupu. Dereva yuko kando ya barabara, kofia mkononi, anapiga kelele: "Kaza, fundi! Kaza! Wako nyuma wote!")