Rais wa Maisha wa Programu ya Chanjo

Mwezi wa pili wa 1992, ofisi ya chanjo ya Nyalukemba ililitangazia taifa zima la Zaïre, na hasa wapangaji wa ghorofa ya chini, kwamba programu yake ya kompyuta imepata Rais wa Maisha. Tangazo lilibandikwa hadi mlangoni mwa choo. Rais alikuwa Papa Adalbert, mkuu wa ofisi, na kwa maoni yake hakuna aliyestahili kumzidi: kwa miaka minne hakuwahi kuigusa kompyuta hata kwa kidole, kwa hiyo hakuwa na upendeleo.

Aliyeiandika programu ni sekretari wake, Maman Adolphine. Kila Jumatatu ilitoa orodha ya dozi za kila zahanati ya Mwenga na Shabunda. Bila orodha gari haliondoki, na watoto hawachanjwi. Aliyetaka nakala alipewa bure kwenye disketi. Aliyeona kosa alilitengeneza, akaliandika pamoja na jina lake katika orodha ya makosa. Adalbert aliona hiyo ni fujo tupu.

Sasa Adolphine alikuwa anaondoka Ijumaa, anamfuata mumewe Kalemie.

"Papa Président, Venant wa dispensaire ya Kadutu anaijua hii programme muzuri. Tumuachie yeye."

"Aliigusaka mara ngapi?"

"Kumi na munane. Makosa kumi na munane alitengeneza."

"Unaona? Kumi na munane!"

Tume ya Urithi, wajumbe tisa na chai, ilimwengua Venant kwa kosa la uzoefu. Ikaamua kwamba mrithi atateuliwa Rais akishakufa, na Rais mwenyewe ndiye atakayemteua. Ikapiga marufuku kunakili. Mwisho ikaagiza programu isichape chochote kabla Rais hajaipa neno lake la siri. Adolphine aliliingiza sharti hilo bila kubisha.

Ukabaki muhuri. Adalbert hakuwa mjinga: ukigonga muhuri kwenye bahasha, barua inabaki haina nguvu. Disketi ya ofisi ilikuwa na kidirisha kinachoonyesha nyama yake nyeusi, pale programu ilipoandikwa. Hapo ndipo alipogonga, mara tatu, halafu akaifungia kabatini.

Jumatatu Tume ilifika na kravati shingoni, maana kravati, zilizokuwa zimepigwa marufuku na serikali kwa miaka mingi, zilikuwa zimerudi mjini. Adalbert aliitia disketi kwa mikono miwili, neno la siri likiwa tayari mdomoni. Kompyuta ilikwaruza, ikakwaruza tena, ikanyamaza. Hakuna aliyemwuliza neno lolote.

"Labda inaheshimu muhuri," alisema mjumbe mmoja.

Hapo Adalbert aliogopa kweli. Aliogopea cheo chake kwanza, kisha, tumtendee haki, aliwaogopea watoto wa Shabunda. Gari hakuliona uani wala dereva, basi akapanda hadi zahanati ya Kadutu kwa mguu, jasho likimlowesha hadi kwenye kravati. Alimkuta Venant ananawa mikono.

"Venant, liste ya dozi! Watoto ba Shabunda!"

"Gari ilishaenda tangu saa moja ya asubuyi, papa. Liste tulichapa ku ordinateur ya paroisse, ile kompyuta ya bapadiri."

"Kwa autorisation ya nani?"

"Haiombake autorisation. Iko ya watu wote. Na weye kamata copie yako."

Alimpa disketi, na karatasi ya makosa yaliyokwisha kutengenezwa. Adalbert alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mama wawili wenye watoto, akaanza kutafuta jina lake, kama alivyozoea kufanya kwenye kila karatasi. Alipitia Venant mara kumi na nane, akapita majina ya watu asiowajua, wengine wa Lwiro, wengine wa Mwenga. Alipofika mstari wa mwisho moyo ukaruka kwa furaha, maana jina lake lilikuwapo, limeandikwa vizuri kabisa:

"Kosa la 41: programu inamngojea Papa Adalbert. Limetengenezwa. Adolphine, Ijumaa."