Machela ya Kagugu

Jumatatu, 8 Aprili 1991
Nisamehe, daftari langu. Tangu Krismasi sijakuandikia hata mstari. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine tumboni, mkono wa kuandika ungetoka wapi?

Leo nina habari. Nimeingia ingobyi! Ndicho chama cha machela cha hapa Kagugu. Kila nyumba inatoa mkungu wa ndizi na mwanaume mmoja wa kubeba. Ukiugua, wanakubeba mpaka zahanati. Mume wangu, Kamanzi, yuko na lori Mombasa. Nimemwandikisha vilevile. Pudentienne, mkuu wa chama, akauliza bega la Kamanzi lina urefu gani hata lifike huku. Watu wakacheka. Nikatoa mikungu miwili badala ya mmoja.

Mtoto wangu wa kwanza, Mugeni, nilimzaa njiani, kwenye matope. Huyu wa pili, hapana.

Jumatano, 10 Aprili
Mawazo. Ndizi zangu wamekwisha kula. Je, siku yenyewe wasipokuja? Hata chungu hukinunui kabla ya kukigonga. Nitawagonga.

Alhamisi, 11 Aprili
Saa nne asubuhi nikapiga kelele za uchungu. Wamekuja! Wanaume wanane, wengine na udongo wa shamba miguuni. Mzee Ntakirutimana kaacha uji wake. Raha ilioje! Wananiita mama, wananiambia nivumilie, wanapokezana bila kunitikisa. Kufika mteremkoni, mvua hiyoo! Na nepi za Mugeni ziko kambani! Nikaruka chini, nikakimbia. Nepi saba, zote nimeziokoa.

Nikageuka. Wanaume wanane wananitazama.

Faini: mikungu minne. Pudentienne kasema amezaa sita, hajawahi kuona uchungu unaoanua nguo.

Ijumaa, 19 Aprili
Nimezaa! Ilikuwa Jumanne. Nilipiga kelele, hakuna aliyetoka. Mtu mmoja akajibu toka kwake kwamba leo hakuna mvua. Nikalia kweli.

Akaja Pudentienne. Akanishika tumbo, akatoka nje akiwatukana wanaume. Waliopatikana ni watatu. Ncha ya nne ya miti ya machela akaishika mwenyewe. Mwanamke kubeba ingobyi! Njia nzima alinisema, mimi na bega la Kamanzi. Hakuniangusha.

Mvulana. Kitandani, zahanati, pakavu.

Jumapili, 28 Aprili
Pudentienne kaniletea uji wa mtama. Kanieleza kuna chama kingine: upepo ukikung'olea paa, kila nyumba inakuja siku moja kukuezekea. Nimejiandikisha palepale. Nilimshukuru mpaka akaniambia basi, inatosha.

Chama kizuri. Ila tangu kianze, hakuna paa lililowahi kung'oka. Nani basi anajua kama watakuja? Siwezi kuwalaza watoto wawili chini ya ahadi. Na bati la jikoni limeshalegea kidogo, upande mmoja.

Namwandikia kaka yangu Manzi, kule Masaka, anitumie:
ngazi fupi;
koleo la kung'olea misumari;
misumari mipya, nusu kilo;
na turubai moja, endapo watachelewa.