Mpaka Mtu Aulize

Jumatano, 13 Agosti

Upepo. Vumbi la Ihumwa mpaka kwenye meno. Nimechanganya zege tangu asubuhi, kiuno kimegoma. Halafu habari: mtunza stoo ameacha kazi! Kiti, kivuli, ufunguo shingoni. Ni changu hicho. Tena haraka, maana mke wangu Raheli anafika Jumatatu kwa treni ya Kigoma, na tangu mwezi wa tano namwambia kwa simu kwamba mtunza stoo ni mimi. Ameshatangaza Kasulu nzima. Mama mkwe anaringia.

Injinia Cecilia, aliyecheza kriketi chuoni, anasema stoo inataka mtu wa kushika sheria ndogondogo. Kwa hiyo wakati wa chakula anatutegea mafumbo ya kriketi. Mimi niliishia darasa la sita. Kriketi naijua kama ninavyoujua mwezi.

Fumbo la leo: vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji vimeangushwa, uwanja mzima umeona, mpigaji bado anacheza. Kwa nini? Wengi wakasema mwamuzi kahongwa. Uwesu, mkunja nondo, akajibu huku anatafuna: hakuna aliyeuliza! Wapinzani wasipomwuliza mwamuzi, hatoi mtu. Na mpira mwingine ukianza kurushwa, basi, imepita.

Sheria tamu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Alhamisi, 14 Agosti

Fumbo: mtu anatolewaje kabla hajarushiwa hata mpira mmoja? Nikajibu mimi! Amechelewa. Mwenzake akitoka, ndani ya dakika tatu awe tayari kupiga, la sivyo naye ametoka. (Jibu nililipata kwa Fredy, dereva wa Injinia, kwa nusu ya samaki wangu.) Uwesu akanipa hongera, profesa wa zege. Watu wakacheka. Wacheke.

Tumebaki wawili tuliojibu. Injinia kaamua: Jumapili tunacheza na saiti ya Zuzu. Kati yangu na Uwesu, mwenye mikimbio mingi, ndizo pointi zenyewe, achukue ufunguo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi. Mpira umenipita mara tisa. Wa kumi umenipata gotini. Uwesu anapiga kama anafukuza nyuki.

Basi itumike akili. Mzee Mrisho, mlinzi wetu wa mchana, ni mzaliwa wa Chang'ombe, na salamu yake ni safari. Ukimpa shikamoo anakamata mkono, hauachii: watoto, mvua za kwenu, mkwe, kuku. Nimempima kwa saa ya simu akiamkiana na Fredy. Dakika nne na nusu! Na hakuna mwenye adabu anayempita mzee yule bila kumwamkia.

Uwanjani tunaingilia njia moja tu, kati ya rundo la kokoto na tangi la maji. Kiti chake kikikaa hapo, Uwesu kwisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Tatizo. Lazima wapinzani waulize, na watu wa Zuzu hawajui sheria. Baada ya kazi nimekwenda mpaka kwao. Nimemfundisha nahodha wao, Abbasi, habari za dakika tatu. Akataka kujua kwa nini nawasaidia. Nikasema mimi napenda haki. Akaniangalia sana.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekihamisha kiti alfajiri, mzee hajafika. Kisha nimejificha nyuma ya tangi asije akaniuliza.

Zamu ya Uwesu. Mzee kainua mkono. Uwesu akapita mbio: "Tulishaamkiana, mzee wangu!" Kumbe kweli. Asubuhi alimpitia nyumbani kwake na kashata.

Akapata kumi na moja. Halafu, anapiga, helmeti ya saiti ikamdondoka kutoka kichwani, ikaangusha vijiti. Zuzu wakauliza. Katoka! Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Zamu yangu. Kumi na mbili tu! Nikanyakua ubao wa kupigia, mbio. Kwenye kokoto, mkono wa mzee. Siku nzima sijamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ludovick. Nyumbani wazima? Mama Anitha je?"

Nikasema anakuja kesho. Kosa! Akafurahi, akaongeza mkono wa pili. Treni inachukua siku ngapi? Anitha ameota meno? Mahindi ya Kasulu bei gani? Nikavuta. Naye akavuta. "Taratibu, mwanangu. Mpira hauna miguu."

Nikawasikia Zuzu wote, kwa sauti moja, wakimwuliza mwamuzi.

Abbasi akanipungia mkono. "Tunapenda haki, kaka!"

Ufunguo uko shingoni kwa Uwesu. Ninalaumu kashata.

Jumatatu, 18 Agosti

Msimamizi kaninyima ruhusa ya kwenda stesheni. Raheli kaja mwenyewe mpaka saiti, Anitha mgongoni, kidumu cha mawese mkononi. Kanikuta na beleshi, zege mpaka kwenye nyusi. Nyuma yangu Uwesu, kivulini, ufunguo unang'aa.

Raheli akaniangalia mimi. Akamwangalia Uwesu. Akauangalia ufunguo. Akatua kidumu.



Uwanja mzima umeona. Lakini hajauliza!

Mdomo wake ukaanza kufunguka. Mpira mwingine, upesi! Nikamwambia: Mama Anitha, stoo nimemwachia yule, mimi napandishwa, mwezi ujao ndimi msimamizi wa saiti nzima, hili zege nalikagua kwa mikono. Mdomo ukafungwa. Akanifuta nyusi kwa kanga.

Imepita. Kisheria imepita.

Sasa yuko getini anampigia mama yake simu. Namsikia anavyotamka "msimamizi", polepole, na Kasulu wasikie vizuri.

Mwezi ujao si mbali. Kesho nitapima msimamizi wetu huchukua dakika ngapi kuamkiana na Mzee Mrisho.