Tope la Kufutia Deni

Jumatatu, 7 Mei 1984

Habari njema! Nimezipata kwenye foleni ya sabuni, duka la ushirika, kutoka kwa katibu Marcelino mwenyewe. Kamati ya parokia iliyonisomesha uganga msaidizi imeamua kusamehe madeni. Mhudumu wa afya aliyekaa miaka miwili kwenye kituo kisichofikiwa na gari anafutiwa lote! Marcelino akaendelea na kifungu cha pili, kitu fulani kuhusu akina mama wajawazito. Sikusikiliza. Nilikuwa nimekwisha kulewa furaha.

Shilingi elfu tatu na mia mbili! Na si fedha tu. Kila Jumapili baada ya misa jina langu linasomwa kati ya wadaiwa, Anselimu, Anselimu, na Fabiola wangu anainamisha kichwa. Baba yake, Mzee Melkiori, amesema wazi hapokei mahari ya mtu anayesomwa kanisani. Deni likifutwa, naoa!

Tatizo dogo. Hapa zahanati ya Maisaka nimetimiza miaka miwili, lakini gari linafika hadi mlangoni. Dogo sana hilo. Kamati inakuja kukagua Jumamosi.

Jumatano, 9 Mei

Nina akili mimi, jamani! Nimegeuza mfereji wa bustani ya kabichi, maji yote yanamwagika barabarani. Udongo wetu mweusi ukilowa hauna mchezo. Kufikia jioni mkokoteni wa ng'ombe umenasa. Nikapiga makofi peke yangu.

Muuguzi Philomena, naye mdaiwa wa parokia kama mimi, akauliza wagonjwa watapita wapi. Nikamwambia avumilie, kuna mpango. Akapanga mawe ya kukanyagia, kisha akarudi kujaza daftari lake la uzazi. Mtu hana mbinu kabisa! Namwonea huruma.

Ijumaa, 11 Mei

Baiskeli ya zahanati nimeificha kwa jirani. Kibao cha kuelekeza magari nimeking'oa. Sasa shahidi. Mama Rosa, muuza maziwa wa mtaa wa pili, atakuja kesho akichechemea na kusema ametembea tangu alfajiri kutoka Sigino. Alitaka sukari. Nani ana sukari nchi hii? Nikampa mche wangu wa sabuni, mzima, niliopangia foleni siku tatu. Imeniuma kweli. Lakini bwana harusi hahesabu sabuni!

Jumamosi, 12 Mei

Landrova ya kamati imenasa! Imezama hadi ekseli! Nikarukaruka nyuma ya mlango. Kisha mwenyekiti mpya wa kamati akashuka kusukuma. Shati jeupe la Jumapili. Mzee Melkiori! Tairi likazunguka, naye akawa mweusi kuanzia kola hadi viatu.

Nikamwamkia shikamoo. Akatema tope.

Mama Rosa akaja, akachechemea vizuri sana, akaeleza safari yake ya Sigino. Mzee Melkiori akauliza kwa upole ni nani basi aliyemletea maziwa nyumbani saa moja asubuhi. Mama Rosa akashikwa na aibu, akaomba angalau amfulie shati. Akakimbia kuleta sabuni. Wajumbe wote wakaikodolea macho. Babati hii haijaona mche mzima tangu Kwaresima! Akaulizwa kaitoa wapi. Akaninyooshea kidole.

Jumapili, 13 Mei

Matangazo baada ya misa. Philomena amefutiwa deni! Ndicho kifungu cha pili: aliyezalisha akina mama mia moja anasamehewa. Daftari lake lina mia moja na kumi na wawili. Vigelegele kanisa zima. Mimi nimesomwa kama kawaida, pamoja na nyongeza ya kamba iliyokatika kuvuta gari.

Halafu Mzee Melkiori akasimama. Kwa kuwa Anselimu anapenda mno kituo kisichofikiwa na gari, alisema, kamati imempatia kimoja, mlimani, mwendo wa saa sita kwa miguu. Akimaliza miaka miwili huko, deni litafutwa. Watu wakacheka hadi wakakohoa. Fabiola alinisubiri nje. Akaniambia atavumilia miaka hiyo miwili, lakini zaidi ya hapo asidanganywe mtu. Nikalia kidogo. Kisha nikafurahi, maana hakukataa!

Ijumaa, 29 Juni

Baridi huku juu, na maharage asubuhi na jioni. Lakini nilipofika tu nilipata wazo, na hili ni kubwa kuliko yote! Kesho kamati inakuja kuthibitisha kituo changu kwenye orodha ya msamaha. Nikajiuliza: Mzee Melkiori atembezwe saa sita kupanda mlima, achafuke tena, halafu anipe binti? Hata!

Basi wiki tano hizi nimehamasisha kijiji kizima. Majembe, sururu, ndoo za pombe ya mahindi. Tumechonga kilima, tumejaza mawe korongoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Paskasi, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia achimbe tu. Na leo mchana lori la mahindi limepanda hadi huku, la kwanza tangu dunia iumbwe! Watoto wamelikimbilia, na mimi nimekimbia nao.

Dereva ameniletea barua ya katibu Marcelino. Anauliza, kwa ajili ya fomu yangu ya msamaha, kama gari linafika kituoni. Nimemjibu papo hapo, herufi kubwa, wino mwekundu: LINAFIKA HADI MLANGONI!