Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Jumatatu, 14 Aprili 1980

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha lipu ya ukuta wa chumba changu cha kulala, hapa nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kilichotokea alfajiri ya leo baada ya kuugua unyevu kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa na ukubwa wa sinia. Ameacha fito tatu na mfiwa mmoja, Filbert, yaani mimi. Mazishi yamefanyika jalalani. Habari hizi zimfikie jirani yetu Mzee Suud popote alipo. Yupo bafuni kwake, upande wa pili wa ukuta huohuo. Nadhani ndiye muuaji.

Paskalina, mke wangu, hakucheka. Ana pumu. Pale lipu ilipobaki kuna ukungu mweusi, na siku hizi akilala anapumua kama msumeno butu kwenye mninga. Leo amefunga kanga zake, akamchukua mtoto wetu Gaudens, akaenda kwa dada yake Clotilda, Mchikichini. Kasema atarudi ukuta ukikauka. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia.

Jumanne, 15 Aprili

Mpango wa kwanza: chokaa. Nimepaka juu ya ukungu tabaka mbili. Ukuta mweupe kama kanzu ya Ijumaa. Sehemu ya chini haikushika, kwa hiyo nimesogeza magunia yangu mawili ya chumvi yazibe doa.

Chumvi hii niliinunua Februari, Kariakoo nzima iliponong'ona kwamba itaadimika kama sabuni ilivyoadimika. Ni ya mawe, ya Lindi. Iko chini ya kitanda. Paskalina hajui. Bi Zamzam, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiyo kabisa asijue. Yeye watu wa namna hii huwaita walanguzi. Mimi najiita mtu anayeona mbali.

Alhamisi, 17 Aprili

Chokaa imebabuka yote. Ukungu umerudi na jamaa zake.

Mpango wa pili: jiko la mkaa. Nimeliwasha chumbani, dirisha nikafunga joto lisitoroke. Ukuta ukatoa jasho, mimi nikatoa machozi, na dari sasa lina rangi ya sufuria ya maharage. Chini ya kitanda kuna dimbwi. Maji ya bafu la Mzee Suud yameshafika kwenye magunia! Akiba yangu iko hatarini.

Nikatoka nje kutafuta pumzi. Nikamkuta mbuzi wa Mzee Suud akilamba ukuta wangu. Analamba taratibu, macho nusu kafumba, kama bwana harusi mbele ya halua. Nilimfukuza. Alirudi kabla sijakaa. Sasa naelewa. Mzee ananitumia maji kwa ndani na mbuzi kwa nje.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepeleka shauri kwa Balozi. Ili haki itendeke vizuri, kwanza nilimwona Bakili, fundi, nikamweleza atakachokigundua.

Tulikaa barazani kwa Mzee Suud. Bi Zamzam alianza kwa kuniambia, ndugu Filbert, ujirani si kesi, sema kwa ufupi. Nikasema kwa urefu. Bakili akagonga ukuta mara kadhaa, akasikiliza kama daktari wa Upanga, akagundua. Mzee Suud alisema bafu lile alilisakafu mwenyewe mwaka wa Uhuru na halijawahi kumwangusha. Bi Zamzam akataka kuona chumba changu. Nikasema hakifai kwa mgeni wa heshima, mama mwenye nyumba hayupo.

Mzee akanywa funda la kahawa yake. Kisha akaniuliza kama Mama Gaudens bado kifua kinambana. Nikasema sana. Hilo peke yake lilikuwa kweli tupu siku nzima. Akamgeukia Bakili: "Vunja, bwana."

Nilishinda. Nimekula chakula cha jioni peke yangu, muhogo wa jana.

Jumatano, 23 Aprili

Bafu limevunjwa hadi udongo. Udongo wa chini ni mkavu kama unga wa sembe. Bakili aliniangalia. Nikamwambia achimbe zaidi. Akachimba. Mkavu zaidi.

Bi Badriya, mke wa Mzee, mtu mzima wa heshima zake, sasa anavuka njia na ndoo na buibui kwenda kuomba pa kuoga. Kila akinipita ananiuliza hali ya mgonjwa. Angenitukana ningemshukuru. Na siku nne hakuna tone lililomwagwa upande ule, lakini ukuta wangu bado unalia. Nimesukuma magunia yabane zaidi.

Nilipita Mchikichini. Paskalina amelala usiku kucha bila kukohoa, Clotilda kasema. Nilifurahi kwa upande mmoja.

Jumapili, 27 Aprili

Paskalina alikuja baada ya misa kuangalia ukuta. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje akimtazama mbuzi, muda mrefu kuliko anavyonitazama mimi. Ni mtoto wa Lindi. Marehemu baba yake alifanya kazi mashamba ya chumvi.

Akaingia. Akapitisha kidole ukutani, akakitia mdomoni.

"Baba Gaudens, chini ya kitanda kuna nini?"

Nikasema viatu.

"Viatu vya chumvi?"

Akayavuta mwenyewe. Magunia yalikuwa yamelowa hadi shingoni. Akanieleza pole pole, kama anavyomweleza Gaudens hesabu, kwamba chumvi ya mawe masika yote hunywa unyevu wa hewani, ikishiba hutapika, na ukuta wa udongo hunywa kile kilichotapikwa. Ukungu ukaja kwenye majimaji. Mbuzi akaja kwenye chumvi. Akasema mbuzi ndiye mtu pekee katika kesi hii aliyetumia akili.

Jumapili, 18 Mei

Ukuta umekauka. Bakili alichimba udongo wote ulionyweshwa chumvi, akakandika upya, tukaacha madirisha wazi, kisha lipu, kisha chokaa. Paskalina alirudi jana. Amelala. Nimekaa nikisikiliza hakuna kitu, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nilimwomba radhi Mzee Suud kama mwanamume. Nimekata. Ukweli ni huu: Paskalina ndiye aliyeomba radhi. Mimi nilibeba ndoo ya chumvi. Mzee aliipokea, akasema hakuwahi kuamini kwamba bafu lake linavuja. Nikauliza basi kwa nini alikubali livunjwe. Akasema usiku walikuwa wanamsikia Mama Gaudens akikohoa ng'ambo ya ukuta, yeye na Bi Badriya, na hakutaka kukaa akidhani labda ni maji yake. Bafu nimelisakafu upya kwa saruji niliyoipangia foleni mwenyewe. Chumvi iliyosalia Bi Zamzam kaigawa nyumba zote kumi, bakuli kwa bakuli, akiniita ndugu mfadhili kwa sauti ambayo siisahau.

Nimemwahidi Paskalina kwamba chini ya kitanda hakitakaa kitu tena. Na hakikai. Sukari iko nyuma ya kabati. Watu wenye habari wanasema Juni haitaonekana, na sukari ni kavu, haitoi jasho.

Jambo moja dogo. Asubuhi hii nimeona msafara wa sisimizi ukipanda ukuta mpya kutoka upande wa Mzee Suud. Kesho nitamwona Balozi.