Goti la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa mifupa amekubali! Alhamisi nawekewa goti la bandia. Nitanyoa nimesimama tena, si kukaa kwenye stuli kama mteja! Ameuliza kuhusu sukari, sigara, jino bovu, kidonda chochote. Goti jipya likiingiwa na vijidudu, kasema, huenda likang'olewa. Sina hata kimoja. Sigara niliacha mwaka jana, mke wangu shahidi.

Mashine naye anangoja goti. Ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nilimpa jina hilo kwa sababu hunyoa kwa mashine tu, wembe hajui kuushika. Zamu yake ni baada yangu. Raha!

Jumatano, 5 Machi
Kesho wapasuaji wakute goti lenye nywele? Goti langu mimi? Aibu! Nesi alisema nioge kwa sabuni, basi, mengine niwaachie. Hayo kawaambie wasio na ufundi. Nimejifungia bafuni na wembe mpya. Mke wangu akauliza mbona nakawia. Nikamjibu naoga kwa makini. Goti linang'aa! Vijikato vichache, havionekani.

Alhamisi, 6 Machi
Vimeonekana. Daktari akauliza nani kafanya haya. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi, nikangoja pongezi. Akasema kila mkato ni mlango wa vijidudu. Hapasui mpaka ngozi ipone. Nikauliza wao huondoaje nywele. Kwa mashine, akasema. Kwa mashine! Na nafasi yangu kapewa nani? Mashine huyohuyo!

Mke wangu kalia kwenye korido. Kasema amechoka kunisikia nikiugulia kila ninapoinuka. Roho imeniuma, kweli. Lakini hakuna aliyesema nimenyoa vibaya.

Jumamosi, 22 Machi
Mashine kaja kwa magongo kunipa pole. Anatembea! Kajitolea kuniazima mashine yake. Nimemwonyesha mlango.

Jumapili, 6 Aprili
Ngozi imepona, kesho napasuliwa! Mke wangu kaficha nyembe zote, kaniapisha nisiguse wembe. Nimeapa, na mimi nikisema nimesema. Wembe sijaugusa.

Kibano hakuna aliyekitaja. Nimejifungia bafuni, nang'oa unywele mmoja mmoja. Nusu ya goti tayari. Kazi safi ajabu! Damu kidogo tu.