Kapteni wa Maporomoko ya Agwaro

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika! Bonde la Agwaro, huku juu ya Katito. Begi moja, gambuti za kaka yangu, na hotuba ya kurasa tatu mfukoni. Manyatta, mtaani kwetu Kisumu, niliwaaga watu kana kwamba naenda ng'ambo.

Kazi hii ndiyo itakayonipa Lorine. Mama yake amesema hapokei mkwe asiye na kazi, na mama huyo akisema neno, hata mumewe hutafuta kiti akakaa kimya.

Nafasi ni moja: kiongozi wa wageni kwenye njia za maporomoko. Tunaoitaka ni wawili. Mwenzangu anaitwa Sydney. Ana cheti. Ana viatu vya mlima. Ana filimbi shingoni! Bwana Waliaula, mkuu wa bustani, mtu wa maneno machache na masharubu mengi, anasema Jumamosi kila mmoja ataongoza kundi lake, kisha yeye ataamua.

Sydney anajua majina ya miti yote. Sawa. Mimi nitakuwa na historia. Nimeitunga mwenyewe: mfalme, ng'ombe mweupe, na wachumba saba waliogeuka mawe. Uongo mtupu, lakini mtamu.

Saa kumi jioni nikashuka kuifanyia mazoezi mbele ya maporomoko yenyewe. Sikuwa nimewahi kuyaona. Njia inapinda kwenye mkuyu mkubwa, hewa inageuka baridi, halafu... sijui niandikeje. Maji yote yale! Yanaanguka kutoka juu, meupe, bila kupumzika, na hakuna anayeyasukuma. Ardhi ilitetemeka ndani ya gambuti. Kwenye manyunyu mlikuwa na upinde wa mvua mdogo, wa kutosha kukumbatiwa na mtu mmoja. Nikafungua mdomo niseme "Wageni waheshimiwa." Haikutoka hata silabi moja.

Nilisimama hapo mpaka nikalowa chapachapa. Mazoezi kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu tena. Nimefika hadi "Wageni wahe." Kisha jua likapenya kati ya matawi, maji yakawaka kutoka juu hadi chini, na nikasahau jina langu. Sydney alipita akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Agosti

Mkakati mpya. Kwenye njia panda kuna mshale wa mbao unaoelekeza wageni. Sydney hupita hapo kila asubuhi na daftari lake. Alfajiri nikaugeuza. Apotee! Bwana Waliaula aone cheti kinavyopotea msituni.

Mvua ikanyesha. Nikajikinga chini ya mti, nikasinzia kidogo. Nilipoamka nikashika njia ya kurudi, nikaufuata mshale. Mshale wangu mwenyewe!

Nilipanda saa mbili nzima. Niliteleza mara sita na nyani mmoja akanicheka waziwazi. Mwishowe nikatokea juu kabisa, pale mto unapoanguka. Ajabu ni kwamba kabla ya kuanguka mto ni mpole. Unapita juu ya jiwe bapa, mwembamba, safi, hauna habari ya kinachoungoja hatua tano mbele. Nikainua macho. Uwanda wote wa Kano chini yangu, mashamba ya mpunga yaking'aa, na nyuma yake ziwa. Miaka yangu yote nimeliona ziwa hili kutoka ufukwe wa Dunga, nikalijua kama mahali pa dagaa wa omena na pa kuoshea pikipiki. Hakuna aliyeniambia ni kubwa hivi. Nilivua kofia. Sijui nilimvulia nani.

Sydney ndiye aliyenipata. Alisema ameona mshale umegeuzwa na upepo, akaurudisha, akaona alama za gambuti zikipanda, akanifuata asije mtu akaumia. Akanipa njugu. Nilizila zote, kwa hasira.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Lorine amepiga simu akicheka kwa furaha. Kundi langu la Jumamosi ni kina mama wa kanisa kutoka Katito. Na mama yake, Mama Milka, yumo!

Alidhani ni habari njema, kwamba mama atauona uhodari wangu. Lorine amekaa sana mjini. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hakai naye karibu, hali naye sahani moja, na akimwona njiani hujitupa kando kama anayekimbia nyuki. Na mimi nimwongoze kwenye njia ya upana wa mbuzi mmoja, juu ya mawe yanayoteleza! Hata utambulisho bado. Hajawahi kuniona, wala mimi sijamwona.

Nikamwomba Bwana Waliaula tubadilishane makundi na Sydney. Akasema majina yameshaandikwa kwa kalamu, si kwa penseli.

Nikamuuliza Lorine nitamtambuaje mama. Akasema kitambaa cha kijani kichwani, hakosi kukivaa. Basi mkakati ni huu. Mosi, miwani nyeusi. Pili, nisiitwe Joram siku hiyo. Niitwe Kapteni. Tatu, kitambaa cha kijani kikiwa nyuma mimi niwe mbele, kikija mbele mimi niwe kichakani. Hauna tundu hata moja mkakati huu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi walishuka kina mama kumi na wawili. Kitambaa cha kijani nikakiona mara moja, juu ya mama mrefu mkavu mwenye uso wa hakimu. Ndiye! Nikajitambulisha kwa mbali kama Kapteni, nikatoka mbio mbele.

Shida ikawa mama mwingine, mwenye mwili, mcheshi, raba nyeupe miguuni. Alikuwa wa mwisho kila mahali. Na karibu naye ndipo wa kijani alipopenda kutembea! Kila nikigeuka namwona anakaribia. Nikaamua kumharakisha huyu wa raba. Nikamshika mkono, nikavuta. Kwenye mwamba nikamsukuma kwa bega. Naye akacheka mpaka machozi: "Wee Kapteni, pole pole, hii miguu ni ya kwaya, si ya mlima!" Nikampenda mama huyu. Nikawaza, laiti mama yake Lorine angekuwa hivi.

Tukafika kwenye mkuyu. Tukapinda.

Nilikuwa na kurasa tatu mkononi. Mvua ya juzi ilikuwa imeujaza mto, na maji yalikuwa makubwa mara mbili. Yalinguruma kifuani mwangu. Kina mama waliokuwa wakiimba tangu langoni wakanyamaza mmoja mmoja. Karatasi zikalowa, wino ukakimbia, mfalme na wachumba wake saba wakaisha. Sikujali.

Mama wa raba alisimama kando yangu, mkono wangu akiwa bado ameushika. Nikaona analia. Akasema taratibu kwamba alizaliwa huku juu, ng'ambo ya kilima. Alikua akiisikia sauti hii kutoka jikoni kila asubuhi na kila jioni, akaolewa Katito, akawaacha wazazi na sauti yao. Kuona, hajawahi. Kulikuwa na kuni, maji, wadogo wa kubeba mgongoni. Siku ya kushuka kutazama tu haikupatikana. "Kumbe ni hii," akasema. "Yawa, Nyasaye, Mungu wangu! Kumbe ilikuwa hii." Nami nikalia. Hatukuwa na aibu. Tulisimama hivyo kwa muda mrefu, na hata miwani niliivua.

Upande wa pili wa bwawa kundi la Sydney lilikuwa limefika, Bwana Waliaula nyuma yao. Filimbi, majina ya miti, kilomita, mita, filimbi.

Wakati wa kurudi mama wa raba akateleza kijitoni. Kifundo cha mguu kikavimba. Wa kijani alikuwa anakuja kusaidia, hatua kumi tu! Nikachuchumaa haraka, nikambeba wa raba mgongoni, nikaondoka naye mbio hadi langoni. Sydney akapiga picha. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama mgongoni alinishika mabega, akiimba.

Langoni alisimama Lorine. Amekuja kutushtua, na chupa ya chai mkononi. Akanitazama. Akamtazama aliye mgongoni mwangu. Chupa ikaanguka.

"Mama!" akasema. "Joram!"

Wimbo ukakatika mgongoni.

Kumbe asubuhi jua lilikuwa kali, na Mama Milka alimvisha dada yake, Mama Beldina, kitambaa chake kwa sababu kichwa kilimuuma. Nilimkimbia Mama Beldina kutwa nzima, na nikamvuta, nikamsukuma na kumbeba mama mkwe wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Simu ya Lorine imezimwa. Nimekaa juu ya jiwe mbele ya maporomoko tangu asubuhi. Hata kwa moyo huu mzito yalikuwa mazuri. Nimemwogopa Mungu leo kuliko siku zote nilizokaa kanisani.

Jioni Bwana Waliaula akaja. Nikajua nafukuzwa. Akasema kazi ni yangu. Kwa miaka aliyokaa hapa, akasema, viongozi wote huwapigia wageni kelele, na jana ndipo alipoona kwa mara ya kwanza wageni wakiyasikia maji. Sydney atashika lango na mafunzo ya miti. Sydney akanipa mkono akanipongeza. Anamaanisha! Haieleweki.

Nimepata kazi. Nimempoteza niliyeitafutia kazi. Nalala bila kula.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Beldina amepanda mwenyewe kuniletea ujumbe. Nilisimama mbali. Naye alisimama mbali. Tulisemezana kwa sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

Ujumbe ni huu. Mama Milka hamjui Joram. Hajawahi kumwona. Yupo kijana mmoja, Kapteni, aliyembeba, lakini huyo alikuwa mgeni, amekwenda zake, na Mungu ambariki kwa kumwonyesha maji yale. Joram aje Jumamosi kwa utambulisho. Akae karibu na mlango, macho chini. Sharti moja tu: hadithi ya Kapteni isisikike Katito tena, milele. Ikisikika, hakuna mkwe na hakuna harusi.

Nimeruka juu! Mama gani huyu! Ameniokoa kwa moyo mkubwa kuliko mto. Nimempigia Lorine, tumecheka, tumelia. Nimeapa. Kapteni amekufa. Nimemzika.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku njema. Hotuba nimeiandika upya, sasa ni kurasa tano. Bwana Waliaula aliusifu ukimya wangu kwa sababu tu hakuwa ameisikia.

Ameniomba pia nitafute bango la kuvutia wageni. Nikakumbuka picha ya Sydney: mimi, mto, mama mgongoni, kicheko. Hakuna picha nzuri kama hiyo Kisumu nzima! Kiapo nimekiheshimu. Jina langu halimo, na mchoraji nimemwambia amfiche mama kabisa kwa kumchorea kitambaa kikubwa cha kijani. Chini maandishi mekundu: NJOO AGWARO, KAPTENI ATAKUBEBA.

Limesimamishwa leo Katito, njia panda ya Kendu Bay, mkabala na kibanda cha ndizi cha Mama Milka. Nimepachagua mwenyewe. Jumamosi, nikishuka kwa utambulisho, nitalipita nilitazame.